Jina la Kumrushia Mama Mkwe

Mlango wa lifti ya hospitali ulikuwa nusu wazi, na miguu ya mwanamume ilitokeza nje kama ya mtu aliyemezwa akabakizwa. Watu walijaa pale chini: wajawazito, wazee wenye mikongojo, wauguzi wenye haraka zao, wote wakiitazama ile miguu kwa hasira.

Mshonaji alijipenyeza mpaka mbele. Alivaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, limembana kiunoni na kumwagika hadi kwenye vifundo, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na hakutaka mtu auone.

"Hodi humo," alisema. "Mwenye lifti yu hai?"

"Yu hai," sauti ilijibu kutoka ndani. "Lifti ndiyo mgonjwa."

"Basi ikae foleni kama sisi."

Watu waliangua kicheko. Kikatoka kichwa cha fundi mwenye ovaroli ya bluu, grisi shavuni, tochi mdomoni. Alimtazama yule mwanamke, akasahau kuitoa tochi.

"Unataka kuniambia kitu au unataka kunimulika koo?" aliuliza mshonaji.

Fundi aliitoa tochi. "Unaenda wapi, dada?"

"Juu kabisa. Kliniki ya damu."

"Na huo mguu?"

"Mguu gani?"

"Huo unaouficha. Kazi yangu ni kuangalia vitu vinavyopanda na kushuka. Wewe unatembea umeegemea upande mmoja."

"Una macho ya umbea wewe."

"Na mikono ya kazi. Subiri kidogo."

Alirudi ndani, akagonga kitu, akalaani kitu kingine, lifti ikanguruma. Wauguzi walimpigia makofi, "Injinia! Injinia!" Ndilo jina walilompachika, ingawa hajawahi kujenga hata banda la kuku. Akawapandisha wazee kwanza, mshonaji akiwa nao, na juu kabisa akamwomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Nikupigie lifti ikiugua tena."

"Na ikipona?"

"Nitakupigia kukuambia imepona."

Akampa.

Huko kliniki, daktari kijana alimpima, akakunja uso. Mguuni, damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Lakini majibu ya maabara yalisema kinyume: ndani ya kichupa, damu yake ilichelewa kuganda kuliko ya watu wengine.

"Mguu unaniambia nikupe dawa ya kuzuia damu kuganda," alisema daktari. "Kichupa kinaniambia nikikupa utavuja mpaka uishe. Naogopa kubahatisha. Bingwa wa damu yuko safarini. Akirudi, utakuwa wa kwanza kumwona."

Habari ya kichupa mshonaji aliijua. Ndiyo iliyomvunjia ndoa. Mimba zake zilitoka moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho, hospitali nyingine ilimwambia maneno hayo hayo: damu yako inachelewa kuganda. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Aliyabeba maneno yale mpaka sebuleni kwake, akaita ndugu wote, akasema, "Damu ya mtu haichelewi kuganda bure. Kuna vitu anakunywa. Anawaua wajukuu zangu." Mumewe, muuza vipuri vya magari, mrefu wa kimo na mfupi wa maneno, alitazama sakafu. Siku hiyo hiyo mshonaji alitolewa na cherehani yake na nguo alizovaa, mwili hata haujapoa.

Tunafundishwa kisasi tumwachie Mungu. Ni kweli. Lakini yeye kila akipiga magoti kuomba uzima, ombi lilikuwa na mkia: Mola, nijulishe jina la ugonjwa huu, niende nikamrushie yule mama usoni.

* * *

Simu ya Injinia ilianza asubuhi ya pili yake, na haikukoma.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Mguu?"

"Upo. Unakusalimu."

"Uambie naupenda, hata ukinenepa."

"Mwongo mkubwa. Sauti yako tu ina grisi."

Walikutana kwenye benchi la nyuma ya hospitali, na mara nyingine kwenye chumba chake cha kushonea, yeye akikanyaga cherehani, Injinia akiokota vipande vya nguo sakafuni na kuvipanga kwa rangi. Mshonaji alimsimulia yote: mimba, sebule, ndugu, sakafu iliyotazamwa.

"Bingwa akirudi sitamwomba dawa kwanza," alisema. "Nitamwomba jina."

"Dawa ndiyo itakayokuponya, roho yangu."

"Jina litaniponya zaidi."

"Na mimi? Kwenye safari hii ya kisasi nimekaa kiti gani?"

"Wewe ndiye mwenye lifti."

Walicheka. Injinia alicheka kidogo kuliko yeye.

Adhuhuri moja akaingia msichana mwembamba, macho ya upole, viatu mkononi kwa sababu vilimchuna. Alitaka gauni la harusi: jeupe, mikono ya lesi, mgongo wa kubana. Mshonaji alimpima, kisha akaanza kukata kitambaa huku wakipiga soga.

"Na bwana harusi ni nani, mdogo wangu?"

Msichana alimtaja kwa furaha. Muuza vipuri.

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Kisha ukaendelea.

"Hongera," alisema mshonaji. "Nitakushonea gauni litakalozungumzwa."

Na alimaanisha. Mtu akitaka kushona kwa muda, apate kufumua baadaye, hupiga bandi: mishono mirefu, uzi dhaifu, inayoshika kwa jina tu. Gauni lote alilishona kwa ustadi wake wote, lakini mshono wa mgongoni aliupiga bandi. Bibi harusi angeinama mara moja kusalimia wakwe, na ukumbi mzima ungeona alichovaa ndani. Mama mkwe naye angejua fedheha ya kusimama katikati ya ndugu ina ladha gani.

Hakuweza kuunyamazia utamu huo. Akampigia mtalaka wake.

"Nimempima mkeo mtarajiwa. Mzuri."

"Wewe? Tafadhali, mwache. Usituingilie."

"Nitakuwepo siku yako. Sijakusahau hata siku moja. Kila nikilala nakuona wewe."

Injinia alikuwa mlangoni, mfuko wa machungwa mkononi. Aliyasikia maneno, hakuyaona meno yaliyokuwa yameumana nyuma yake. Akauweka mfuko kizingitini, akaondoka.

Mshonaji alipoyaona machungwa alipiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, tena. Jioni ikapokelewa.

"Mpenzi, ulikuja ukaondoka bila hodi?"

"Mpigie huyo unayemwona ukilala."

"Nisikilize..."

"Nimeshasikiliza." Ikakatwa.

"Basi, akae hivyo hivyo," mshonaji aliiambia simu. Naye alikuwa na kiburi chake, na kiburi hakina mlango wa nyuma.

* * *

Siku ya kumwona bingwa, Injinia aliijua, maana walikuwa wameisubiri pamoja. Asubuhi ile alizima umeme wa lifti, akatundika kibao cha matengenezo, akakaa juu ya sanduku lake la vifaa. Lifti haikuwa na ugonjwa wowote. "Apande kwa miguu," alijiambia. "Amwite muuza vipuri aje ambebe."

Mshonaji alifika na gauni la kijani, kola imenyooshwa kwa pasi, uso umechoka. Alikitazama kibao, akamtazama yeye.

"Itapona lini?"

"Sijui, dada."

Lile "dada" lilimchoma kuliko mguu. Akashika chuma cha ngazi, akaanza kupanda.

Ghorofa ya kwanza alipumzika. Ya pili, pumzi ilikuwa fupi, kama mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa. Akadhani ni hasira. Alipoanza ngazi za kwenda ya tatu kifua kilimchoma kama kisu upande mmoja, ukuta ukainama, akaanguka juu ya ndoo ya mfagizi.

Ukelele ulishuka mpaka chini. Injinia alipofika alimkuta midomo imebadilika rangi. Alimbeba mgongoni, akapanda naye ghorofa zilizobaki akilia kwa sauti kama mtoto, watu wakimpisha.

Kipande cha damu iliyoganda kilikuwa kimetoka mguuni kikaenda kukwama kwenye mapafu. Bingwa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hakuruhusu mtu yeyote abahatishe tena. Akaamuru sindano na vipimo vingine. Mshonaji alipoweza kuongea, bingwa aliketi kitandani kwake.

"Mwili wako una askari wa kuulinda," alisema. "Wako wamechanganyikiwa, wanashambulia walichopaswa kukilinda, na damu inaganda ovyo: mguuni, mapafuni, na kwenye kondo la nyuma unapokuwa na mimba. Wanao walikosa damu. Lakini ukiitia kwenye kichupa, askari hao hao wanavuruga kipimo, damu inaonekana inachelewa kuganda. Kichupa kilisema uongo."

"Kwa hiyo siyo mimi niliyewaua."

"Siyo wewe, mwanangu."

Alilia mpaka mto ukalowa. Kisha akajifuta.

"Nipe jina lake."

"Antifosfolipidi."

"Nani?"

"An-ti-fos-fo-li-pi-di."

"Daktari, mimi nilitaka jiwe la kurusha. Wewe umenipa treni na mabehewa yake!"

Bingwa alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Baada ya miezi mitatu tutarudia kipimo, ndipo niape. Lakini dawa hatusubiri. Na hata mtoto, Mungu akipenda, unaweza kumbeba, kwa sindano za kila siku na macho yangu juu yako."

Injinia aliingia bingwa alipotoka. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Lifti ilikuwa nzima," alisema. "Niliizima mimi. Nilitaka uteseke kidogo."

Mshonaji alijiinua kwenye mto. "Yule nilimwambia namwona nikilala kwa sababu namchukia. Hujui chuki inavyomkosesha mtu usingizi?"

"Nimejua sasa."

"Toka."

Akatoka.

* * *

Mshonaji aliporudi nyumbani alijifunza lile jina kwa mdundo wa cherehani, silabi kwa kanyagio, mpaka likateleza. Siku ya kujaribu gauni bibi harusi alikuja, na nyuma yake, mkoba kwapani, kanga begani na manukato yakimtangulia, mama mkwe.

"Kumbe ni wewe!"

"Shikamoo, mama," alisema mshonaji.

Yule mama alitafuta njia ya kuikwepa salamu, hakuiona. "Marahaba," alisema kama anayetema mbegu.

Bibi harusi alikwishavaa, amesimama mbele ya kioo, anang'aa. Mshonaji alimtazama usoni, na ghafla akaiona aibu yake mwenyewe imesimama pale imevalishwa nyeupe.

"Usiiname, mdogo wangu," alisema. "Mgongoni nilikupigia bandi tu. Ungeinama harusini, ungefumuka mbele za watu. Nilikusudia. Sikuwa na ugomvi nawe, nina ugomvi na huyu. Nisamehe, nitaushona upya."

Msichana alijishika mgongo. "Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa mke kabla yako. Mimba zangu zilitoka. Mama huyu alisema mbele ya ukoo kwamba naua watoto, na mume akatazama sakafu. Wakanitoa ningali natoka damu." Akamgeukia mkwewe wa zamani. "Ugonjwa wangu unaitwa antifosfolipidi. Nimeuliza, nimepimwa, nimejibiwa. Kuna dawa. Ungenipeleka hospitali badala ya sebuleni, labda leo wajukuu wako wangekuvuta hiyo kanga."

"Maneno ya hospitali hayo," alisema mama mkwe. "Hata kuyatamka..."

"Rudia ukiweza."

"Anti... anti..." Mama mkwe aliukaza mkoba kwapani.

Bibi harusi aligeuka kutoka kwenye kioo. "Mama, na mimi nikipoteza mtoto, mtanifanyaje?"

"Aa, mwanangu, hayo yatakuwa ya Mungu."

"Mbona kwake hayakuwa ya Mungu?"

Msichana alivua gauni taratibu, akalilaza mezani, akavaa nguo zake. Nje ya mlango walimsikia kwenye simu: "Nisikilize vizuri. Nina swali moja, na usitazame sakafu." Harusi ikaahirishwa, na baada ya hapo hakuna aliyetaja tarehe nyingine.

Kisasi kilikuwa kitamu, tusidanganyane. Mshonaji alikilamba mpaka kwenye kidole. Ila kilipokwisha, alijikuta amekaa peke yake na gauni la mtu mezani, na sanduku la sindano ambalo alitakiwa kujichoma mwenyewe tumboni kila siku. Akachukua simu.

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwako," alisema Injinia. "Nipo hapa tangu mchana. Niliogopa kupiga hodi."

"Ingia."

Aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu. Akapiga goti kabla hajaambiwa.

"Nioe... yaani, nikuoe. Niadhibu utakavyo, lakini nikiwa mumeo."

"Simama, utachafua suruali. Unaogopa sindano?"

"Kupita kiasi. Shuleni siku ya chanjo nilikimbia nikaruka ukuta."

"Vizuri sana." Akafungua sanduku, akampa moja. "Kila siku utanichoma wewe. Kwa mkono huo huo uliozima lifti."

"Hiyo ni adhabu au umekubali posa?"

"Utajua mwenyewe baadaye. Kanawe mikono, kwa sabuni."

Alirudi na mikono inayotiririka maji, jasho limemtoka. Mshonaji alimwonyesha: bana ngozi hivi, usikimbilie, ingiza wima. Injinia alinong'ona bismillahi, akafumba jicho moja, akachoma.

"Yalaaa! Umeniua!" alipiga kelele mshonaji.

Injinia aliruka nyuma, akagonga meza, uso umepauka kama chokaa. "Imeuma? Laazizi, imeuma?"

"Hata kidogo," alisema. "Kesho tena."