Jibu Ambalo Fundi Hakulisoma

Foleni ya mapokezi ilikuwa imefika hadi mlangoni, na aliyeisimamisha alikuwa mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani, aliyegoma kuandika namba yake ya simu kwenye kitabu cha wageni.

“Kitabu kiko wazi hapa mezani,” alisema kwa upole. “Yeyote anayepita anaondoka na namba za watu. Jina nitaandika. Namba hapana.”

“Dada, wenzako wote wameandika!” alilalamika mhudumu wa mapokezi.

“Ndiyo maana nawahurumia.”

Nyuma yake alisimama fundi lifti, ovaroli ya buluu, mkoba wa vifaa begani. “Na mimi niliyekuwa nachungulia niione hiyo namba,” alisema, “umeninyima riziki yangu hivihivi.”

Mwanamke akageuka amkaripie. Badala yake akacheka.

Namba alimpa mwenyewe wiki tatu baadaye, akimtajia sikioni tarakimu moja moja. Fundi alirudi nyumbani bila kukumbuka alipita barabara gani.

Kazi ya mwanamke huyo ilikuwa usimbaji: kwa hesabu ndefu alifunga ujumbe wa watu, asiusome mwingine ila aliyeandikiwa. Aliwahi kukaa na wake waliopigwa kwa sababu ya simu zilizopekuliwa, kwa hiyo jambo hilo hakulifanyia mzaha. Fundi alimbandika jina la Bi Siri. Jumapili Fundi alilala kwenye zulia la chumba cha Bi Siri, ghorofa ya nne, akisikiliza penseli ikikwaruza karatasi huku pazia likijaa upepo na kutulia. Alitamani Jumatatu isahau kuja.

“Haya, nisomee tarakimu za usalama za mazungumzo yetu zilizo kwenye simu yako,” Bi Siri alimwambia siku moja.

“Zote hizi? Mpenzi, hata shuleni sikusoma namba nyingi hivi.”

“Soma, mtundu wewe.”

Alisoma. Zililingana na za kwake.

“Zikilingana, tuko wawili tu. Zikibadilika, huenda mtu ameingia katikati. Hata akikulilia kwa sauti yangu, usimwamini mpaka unione kwa macho. Sauti nazo siku hizi zinaigwa.”

“Naapa,” alisema Fundi, na papo hapo, akiwa bado ameshika simu, akamwomba waoane.

Keshoye Bi Siri alikuwa anasafiri nchi ya mbali, kwenye mkutano wa wenzake wa kazi. “Nipe siku chache nifikiri,” alisema.

Huko alipewa ofa: miaka mitatu ya utafiti, maabara yake mwenyewe, jibu likihitajika Ijumaa. Siku ya tatu simu yake ikamponyoka ikatumbukia kwenye sinki. Alinunua nyingine, na kabla hata hajavua koti aliandika: “Fundi wangu, nimekubali. Kazi ya huku naikataa. Narudi tuoane.” Mganga hajigangi. Kwa furaha alisahau kwamba simu mpya ina tarakimu mpya.

Fundi aliona onyo likiwaka: tarakimu zimebadilika. Akafuta ujumbe bila kuusoma. Simu ilipoita na sauti ileile tamu ikasema, “Mpenzi, mbona kimya?” alifumba macho.

“Sikujui,” alisema. “Usinipigie tena.”

Akakata.

Bi Siri alilia hadi mto ukalowa. Aliamini amechelewa kujibu na mwenzake amekasirika, amemkana. Ijumaa asubuhi karatasi za kazi zilikuwa mbele yake, kalamu mkononi. Akampigia shangazi yake amuage. Shangazi hakufundishwa kanuni yoyote. Alimjua mtoto wa kaka yake kwa kusikia anavyovuta kamasi.

“Unalia nini? Mwenzio jana alikuja hapa, amekonda kama uzi. Anasema kuna mwizi ana simu yako, anajifanya wewe. Anataka kujua kama uko hai!”

Bi Siri akaiweka kalamu chini bila kutia saini.

“Nimwambie ni wewe?”

“Usimwambie, shangazi. Nakuja mwenyewe.”

Aliporudi nchini alimkuta Fundi kwenye jengo la maduka, ndani ya shimo la lifti, kofia tu ndiyo inayoonekana. Watu wengi walikuwa wakisubiri, mizigo mikononi.

“Fundi.”

Kofia ikainuka. Alimtazama kwa muda mrefu, machozi yakichora mistari kwenye grisi ya mashavu.

“Ni wewe kweli?”

“Ni mimi. Na ule ujumbe ulikuwa wangu. Ulinikatia simu, mkaidi wewe!”

“Si ulinifundisha mwenyewe? Niliufuta. Sikusoma hata neno. Ulisema nini?”

Bi Siri alitazama watu wote wale. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kunong'ona. Akainama, akasema kitu.

“Sikusikii, mpenzi! Huku chini kuna kelele!”

Akasimama wima, akashika gauni lake kwa mikono miwili.

“Nimesema nitaolewa na wewe! Kazi ya huko nimeikataa! Nakupenda!”

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Kisha mama mmoja mwenye vikapu viwili akaviweka chini.

“Toka shimoni basi, mwanangu,” alisema. “Sisi wote tumeshasikia.”