Ufunguo wa Kinubi

Katika nyumba nzima, hakuna mtoto aliyemshinda Chiriku kwa kukaza nyuzi za kinubi. Ni kweli nyumba ilikuwa na mtoto mmoja tu, lakini sifa ni sifa. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo. Hata usingizini alikuwa akijibu.

Kinubi kilikuwa cha shangazi yake, aliyepiga pasi mashuka ya hospitali huku akiota kupiga soul, ule muziki wa Wamarekani weusi. Bendi zote zilimjibu yale yale: kinubi ni cha harusini, wageni wakiwa wanakula. Ilibaki bendi moja iliyokubali kumsikiliza, Jumamosi mchana.

Nyuzi zilikuwa mpya, na uzi mpya ni kama mtoto mvivu: ukiuacha usiku, asubuhi umelegea. Kwa hiyo kila asubuhi Chiriku alichukua kwenye droo ufunguo pekee wa kuzungushia vigingi vyake, akazikaza. Jumamosi ile shangazi alidamkia kazini, na wenzake Chiriku wakamwita kuruka kamba. Akaruka mpaka mwenye mkokoteni alipokuja kuchukua kinubi, wakakipeleka pamoja kwa bendi.

"Umekaza?" shangazi aliuliza alipofika mbio kutoka kazini. Bendi ilikuwa tayari imekaa, nyuma ya karakana ya seremala.

"Zote, shangazi! Tazama, hata vidole vimevimba."

Mwimbaji akaanza taratibu, ngoma ikamfuata. Shangazi akagusa nyuzi. Loo! Zililia kama sufuria zinazobingirika ngazini.

"Mama, hicho ni kinubi au chaga za kitanda?" mpiga ngoma akauliza. Wenzake wakaangua kicheko.

Kiongozi wa bendi hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Dada, tumejaribu. Muziki wetu na chombo chako ni mafuta na maji."

Shangazi akakifunika kinubi blanketi, kama mtu anayefunika maiti. "Kumbe masikio yangu yamekufa," alisema polepole. "Nilidhani nasikia wimbo humu kichwani, kumbe ni kelele. Miaka yote hii nimejidanganya. Nitakiuza."

Chiriku alijua ukweli. Neno moja tu lingetosha. Badala yake akasema, "Labda ni joto, shangazi. Mimi asubuhi nilichukua ufunguo kwenye droo, nikakaza uzi mmoja mmoja."

Shangazi akatia mkono ndani ya mkoba wake wa kazini kutafuta leso ya kufutia machozi. Kikatoka kitu kingine. Ulikuwa ufunguo wa kinubi. Jana jioni aliutumia mwenyewe, akautupia humo kwa kusahau, na leo ukaenda naye kazini tangu alfajiri.

Aliutazama, kisha akamgeukia kiongozi. "Masikio yangu ni mazima. Nipe nafasi nikaze."

Kiongozi akashusha pumzi. "Tunakunywa chai. Ikiisha, mara moja tu, dada. Ya mwisho."

Shangazi akafunua kinubi, akaanza kukaza. Uzi wa kwanza ulipolia safi, mpiga ngoma aliweka kikombe chini.

"Uvivu ningekusamehe, mwanangu," shangazi alisema bila kuinua macho. "Lakini uliniona nikijizika mzima, ukanishikia jembe. Ukikosa, sema mapema. Uongo wako humwadhibu asiye na kosa." Akageuza ufunguo tena. "Haya, niambie. Hizo nyuzi ulizikaza kwa meno?"

Chiriku, aliyejibu hata usingizini, alitazama vidole vyake. Havikuwa vimevimba hata kidogo.