Chandarua Nilichokishona

Mimi ni Leuta. Nina mdomo, naambiwa hapa kijijini, na si uongo. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumwamsha Fiasili, binti wa kaka yangu Maiava. Ana miaka ishirini na mitatu, anafundisha darasa la pili, na alikuwa analala fofofo. Nilikuwa namtania kwamba mume atakayemwoa itabidi anunue kwanza ngoma ya kumwamshia.

Jumatatu moja nilikuta mkeka wake mtupu. Mwenyewe alikuwa nje, kwenye jiwe la ngazi, amekumbatia magoti. Nyumba yetu haina kuta, ni nguzo na paa kama nyingine zote hapa kisiwani, kwa hiyo chandarua chake nilikiona palepale. Kilikuwa na mpasuko kutoka chini kwenda juu.

"Shangazi, kuna mtu aliingia," alisema. "Nilikuwa nimelala. Nilipoamka, alikuwa ameshaanza."

Alimtambua alipokimbia kupita taa ya kanisa. Alikuwa Sefo, mtu mzima wa miaka thelathini, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na nyinyi msikifanye. Nilimwambia aende akaoge. Nilifua shuka. Kisha nikachukua sindano na uzi mweupe, nikakishona kile chandarua ili majirani wasione. Nilidhani namsitiri Fiasili. Niliyemsitiri ni Sefo.

Hapa kwetu mambo hayafichiki; kufikia Jumanne habari zilikuwa zimemfikia kaka yangu na ukoo wa Sefo. Jumatano alfajiri watu wa ukoo huo walikuja kufanya ifoga, kuomba radhi kwa desturi yetu. Walipiga magoti mbele ya nyumba na kujifunika mikeka mizuri ya heshima. Sefo alikuwa katikati yao. Aliyekosewa akiinua mkeka, amesamehe, na ugomvi wa koo mbili umekwisha.

Maiava ndiye mkuu wa ukoo wetu. Alikaa saa nzima akiwatazama. Kisha akainuka na kuinua mkeka. Watu walilia, wakahutubia, wakaleta nguruwe na katoni za samaki wa kopo. Kaka yangu alisifiwa kijiji kizima. Fiasili hakuulizwa neno. Alikuwa jikoni nyuma, anawachemshia wageni kakao.

Hofu ilianza hapo. Sefo alirudi kupita mbele ya nyumba yetu kama mtu aliyelipa deni. "Za asubuhi, mwalimu," alikuwa akisema, na vijana wenzake wakicheka. Huku kwetu mtu anayenyemelea wanawake waliolala usiku huitwa mtambaaji, na wazee humsimulia kama kichekesho. Mimi mwenyewe nimewahi kukicheka kichekesho hicho, Mungu anisamehe.

Fiasili alihamisha mkeka wake, akalala kati yangu na mama yake, Losa. Akafunga kamba kuzunguka chandarua na kuning'iniza makopo. Bado hakulala. Nazi ikianguka, anaruka. Mbwa akibweka, ananishika mkono mpaka kucha zinaniingia. Nami nikaanza kuogopa. Miaka sitini na moja nimelala bila kuta, na sasa kila kivuli kwenye nguzo nilikiona kina miguu.

"Nikilala, atarudi," aliniambia.

Ijumaa ilikuwa siku ya ukaguzi. Kamati ya wanawake hupita nyumba kwa nyumba na nesi, kuangalia mikeka, vyombo na vyandarua. Nesi wetu ni Vaelua, anayetoka kijiji cha mbali, na habari zilikuwa hazijamfikia. Alishika kile chandarua, akapitisha kidole kwenye mshono wangu, taratibu, toka chini hadi juu.

"Hiki hakikuchanika," alisema. "Kimekatwa."

Nikajibu ni kuku.

"Kuku wako anatumia kisu, Mama Leuta?"

Hakuna aliyecheka. Vaelua aliwaambia wenzake watangulie. Kisha akaketi karibu na Fiasili na kumuuliza kwa sauti ya chini kama angependa kuzungumza. Fiasili akazungumza. Nesi hakumkatiza, wala hakumuuliza kwa nini hakupiga kelele. Alimwambia, "Kosa si lako."

Kisha akatueleza. Mtu akiingiliwa hivyo, asioge kwanza na nguo zisifuliwe. Aende hospitali haraka, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa sababu ya dawa na kwa sababu ya ushahidi. Lakini siku zikipita, aende tu, na polisi waambiwe tu. Nilitamani sakafu inimeze, nikikumbuka sabuni yangu.

Fiasili akaondoka, akarudi na mfuko wa mchele. Ndani kulikuwa na fulana aliyolalia Jumapili ile. Hakuifua. Pia asubuhi ileile alikuwa amemwandikia rafiki yake kwenye simu yote yaliyotokea. Vaelua aliihamishia fulana kwenye mfuko wa karatasi, akasema plastiki huleta ukungu.

Kikwazo kilikuwa Maiava. Alisema ameinua mkeka mbele ya kijiji chote. Akienda polisi, neno lake litakuwa takataka.

"Ifoga ni ya koo mbili, mheshimiwa, na umeimaliza vizuri," nesi alisema. "Sheria ina kazi yake na Sefo. Mkeka wako hauifungi."

Maiava akatikisa kichwa. Hapo Fiasili akamtazama usoni, jambo ambalo huku kwetu mtoto hamfanyii mkuu wa ukoo.

"Baba, msamaha umetoa wewe. Usingizi uliopotea ni wangu."

Kaka yangu akainuka. Kisha akaomba funguo za gari la jirani.

Hospitalini Fiasili alipimwa na kupewa dawa. Sajenti Ofeira wa polisi, mwanamke, alimsikiliza katika chumba cha peke yao na kuandika kila neno. Sefo alikamatwa. Alipopewa dhamana, aliamriwa akae ng'ambo ya kisiwa, asimkaribie Fiasili wala kumtumia ujumbe. Jamaa zake walituita wasaliti, na jioni moja mawe yalianguka juu ya paa letu. Ofeira alitaka kuambiwa kila jiwe, maana kumtisha shahidi ni kosa jingine.

Miezi ilipita, tukaenda mahakamani. Fiasili alitoa ushahidi nyuma ya pazia, asimwone Sefo. Wakili wa Sefo alisema msichana hakukataa wala hakupiga kelele. Mimi nikaulizwa habari za shuka. Nikasema nililifua, na kwamba nilikosea. Vipimo vya fulana vilimtaja Sefo, na ule ujumbe wa simu ukasomwa.

Jaji alisema kwa maneno mepesi, hata mimi nikaelewa. "Aliyelala hawezi kukubali. Sheria haimtaki mtu apige kelele usingizini." Ifoga aliizingatia katika kupima adhabu, lakini haikufuta kosa. Sefo alifungwa jela miaka mingi.

Siku hizi kamati yetu ina kanuni mpya. Chandarua kikikutwa kimekatwa, hakishonwi. Anaitwa nesi kwanza, na anayeulizwa kwanza ni mwenye mkeka. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, kwa mdomo huu huu, nikawaambia wanawake kwa nini. Na mtambaaji hasimuliwi tena kwa kicheko nikiwa nimekaa hapo.

Makopo ya Fiasili yaliendelea kuning'inia wiki nyingi baada ya hukumu. Hatukumharakisha.

Kisha asubuhi moja nilikwenda kumwamsha kama kawaida. Kamba ilikuwa imeviringishwa na kuwekwa chini ya nguzo. Mkeka umerudi pembeni, mahali pake pa zamani. Fiasili alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkono mmoja umetoka nje ya chandarua.

Nikaketi karibu yake, nikawa nafukuza kuku wasimwamshe. Kengele ya shule ikalia. Sikumwamsha.