Nyasi za Ng'ambo ya Bwawa

Baada ya misa ya pili, watu wa Rwamishenye, hapa Bukoba, walikuwa wamejipatia desturi ya kushuka bwawani kutembea. Ilikuwa desturi changa. Miaka minne nyuma pale palikuwa na kinamasi tu, mafunjo na mbu, mpaka Azimio la Arusha lilipotangazwa na tawi la chama likasema wananchi nao wanastahili bustani, kama wazungu walivyokuwa na klabu yao. Kila Jumamosi kila nyumba ikatoa mtu mmoja na jembe lake. Kinamasi kikachimbwa kikawa bwawa, vijia vikapitishwa kulizunguka, mawe ya kando yakapakwa chokaa, na mabenchi matatu yakapigiliwa misumari. Ndege wakaja wenyewe, bila kuitwa na mwenyekiti.

Jumapili hiyo ya Agosti, mwaka sabini na moja, jirani yetu Ephrasia alishuka huko na binti yake wa pekee, Immakulata. Ephrasia alikuwa mjane wa miaka arobaini na minane, mtu wa kanisa, na mwaka ule tumbo lake lilikuwa limekwisha kufunga mambo ya wanawake. Kosa lake kubwa alilijua mwenyewe, na alilipeleka kitubioni kila mwezi bila kuliacha. Lilikuwa ulimi. Jibu lilimtoka kabla swali halijaisha.

Walitembea polepole. Mdiria alikuwa amesimama kwenye tete anatazama maji. Kenge mkubwa akakatiza kijia mbele yao, tumbo chini, shingo juu.

"Mtazame," Ephrasia akasema. "Anatembea kama katibu kata."

Immakulata akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mae, nina jambo nataka kukuambia."

"Utaniambia wageni wakishaondoka."

Wageni hao walikuwa watu wa Kamachumu, huko Muleba, nyumba ya mzee Byarugaba. Walikuwa waje Jumamosi kumposea kijana wao Buberwa, mwalimu. Ephrasia hakuwa akiwaza kingine. Kwetu mgeni wa heshima hakanyagi udongo mtupu. Anatandikiwa nyasi mpya sebuleni, laini, zenye harufu, aketi. Na mwaka ule moto ulikuwa umeteketeza rweya yote, ile mbuga ya nyasi nyuma ya vibanja vya migomba. Kila kilima kilikuwa cheusi.

Basi alipotupa macho ng'ambo ya bwawa, mahali ambapo vijia havikufika, akaziona. Nyasi nyembamba, za kijani, zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

"Ubao wa bustani umekataza kukata nyasi, mae."

"Kwani ubao ndio unaoposwa Jumamosi?"

Alhamisi asubuhi alirudi peke yake na mundu. Mzee Uledi, mtunza bustani, alikuwa akizoa majani kwa reki.

"Shikamoo, Mzee Uledi."

"Marahaba, Mama Immakulata. Mundu huo unakwenda wapi?"

"Ng'ambo ile. Nina wageni."

"Ubao umeandikwa, mama."

"Umeandikwa kwa ajili ya ng'ombe."

"Ng'ombe hawajui kusoma."

Ephrasia akacheka. Uledi hakucheka. Aliegemeza reki kwenye benchi, akasogea, akateremsha sauti.

"Mimi mtu wa mjini. Babu yangu alikuja huku na misafara ya pwani, mambo yenu siyajui sana. Lakini wazee walionikabidhi kazi hii waliniambia neno moja, kwamba ng'ambo ile nisifyeke. Zamani binti akishika mimba kwao, kabla ya mahari, alifungwa mikono nyuma akaletwa pale. Alilazwa kwenye nyasi usiku mmoja, ili ndugu wapate nafasi ya kubadili nia. Asubuhi walimsukumia kwenye maji ya kinamasi."

"Na waliobadili nia?"

"Sijatajiwa hata mmoja." Akatazama pembeni. "Nyasi zile ndizo kitanda chao, mama. Hawana kingine. Ukimnyang'anya mtu kitanda, atakifuata."

"Mimi Mkristo, Mzee Uledi."

"Na mimi Mwislamu. Sidhani kama wanauliza."

Alizunguka akakata mzigo mzima. Nyasi zilimjia mkononi kwa urahisi, bila kuvutwa. Zilikuwa na joto kama shuka la mtu aliyeamka sasa hivi. Ephrasia akajiambia ni jua. Jua lilikuwa bado halijavuka kilima.

Siku hiyo hiyo alizitandika sebuleni, zipate kunywea kabla ya Jumamosi. Nyumba nzima ikanukia. Majirani walipita kuchungulia, wakasifu, naye akapokea sifa zile kama mtu anayepokea haki yake.

Ijumaa asubuhi, karibu na mlango, nyasi zilikuwa zimelaliwa.

Kulikuwa na umbo. Bega, kiuno, magoti yaliyokunjwa. Aliyelala hapo alilala ubavu, na mahali pake palikuwa na unyevu. Ephrasia akalaumu mbuzi. Akazitikisa nyasi kwa mikono, akazisawazisha, akaenda zake shambani. Hakujiuliza mbuzi aliingiaje nyumba iliyokomewa kwa ndani.

Jumamosi alfajiri umbo lilikuwa katikati ya sebule. Safari hii alilitazama vizuri. Kichwa kilikuwapo. Mgongo ulikuwapo. Mikono haikuwa na alama popote. Akalifuta haraka kwa mguu, maana wageni walikuwa njiani.

Ugeni ukaenda vizuri. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, maneno ya heshima yakasemwa kwa Kihaya cha zamani. Buberwa aliinamisha macho muda wote, na mara mbili akamtazama Immakulata kama mtu anayeuliza. Immakulata akatikisa kichwa. Bado. Jambo moja tu lilichafua siku. Georgina, shangazi wa kijana, aliinuka ghafla mahali alipoketi akahamia kwingine. Alipoulizwa alinong'ona tu, "Pale pana mtu." Wakacheka wakidhani ni rubisi. Lakini alipogeuka, gauni lake lilikuwa limelowa upande mmoja, kuanzia bega hadi goti.

Jumapili asubuhi umbo lilikuwa mbele ya pazia la chumba cha Immakulata. Ephrasia akalifuta. Hakumwambia mtu. Mahari ilikuwa imekubaliwa, na nyumba yenye maneno haiolewi.

Jioni hiyo, jikoni, Immakulata alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mae, naomba unisikilize. Nina mimba. Mwezi wa tatu sasa. Ni ya..."

Ephrasia aliinua mkono, binti akanyamaza. Hapo ndipo angeweza kuuliza. Swali lilikuwa fupi, hata mtoto angeliuliza. Lakini ulimi ulitangulia.

"Zamani ungepelekwa ng'ambo ya bwawa," alisema. "Na mimi ningekushika miguu."

Sebuleni nyasi zikachakarika. Mara moja tu. Kama mtu aliyelala anapogeukia upande wa kusikia.

"Mae, kuna mtu."

"Hakuna mtu. Kuna wewe na aibu yako."

Alikwenda chumbani kwa binti akatoa blanketi na mto. "Kitanda alichokinunua marehemu baba yako hakilaliwi na malaya. Leo utalala chini, kwenye nyasi za watu uliowadanganya."

"Waitu, mae, nakuomba, nyasi hizi sizipendi. Nisamehe. Nilaze jikoni."

"Lala."

Akakomea mlango wa nje kwa gogo, akaingia chumbani kwake, akashika rozari. Na ukweli ni huu, alikusudia kumsamehe. Alikusudia kumsamehe asubuhi. Alitaka tu usiku mmoja umfunze.

Alisikia akiitwa. "Mae." Sauti ndogo. Hakuitika.

"Mae, niruhusu niingie."

Alihesabu punje. Hakuitika.

Punje kumi zikaisha. Kisha akamsikia binti yake akinong'ona tena, lakini si kwake. Alinong'ona kwa upole, kama anavyosema mtu anayempisha mwenzake kitandani.

"Na wewe unasikia baridi?"

Ephrasia alijifunika kichwa. Hilo nalo aliliungama baadaye, kwamba alisikia, akajua, akajifunika.

Kulipokucha, gogo lilikuwa bado mlangoni kwa ndani. Madirisha yamefungwa. Immakulata hayupo.

Katikati ya nyasi palikuwa na maumbo mawili. Yamelala uso kwa uso, magoti yakigusana. La kwanza halikuwa na mikono.

La pili pia.

Alikimbia bila viatu hadi bwawani. Mzee Uledi alikuwa amekaa kwenye benchi, reki imeanguka miguuni pake, na alipomwona hakuinuka.

"Umemwona binti yangu?"

"Nimeona wasichana wawili, alfajiri, kwenye kijia. Nikawasalimu. Hawakugeuka." Akaiokota reki. "Walitembea vizuri tu, mama. Ila mikono yao haikuwa ikiyumba."

"Wakaenda wapi?"

Uledi akaonyesha kwa kidevu. Ng'ambo. Kwenye vile visiki vya nyasi vilivyoachwa na mundu.

Walimtafuta siku tano. Bwawa lile lilichimbwa kwa majembe ya mkono, maji yake yalimfika mtu mzima kifuani. Vijana walishikana mikono wakalivuka upande hadi upande wakipapasa tope kwa miguu. Wavuvi walioleta samaki kutoka kisiwa cha Bumbire wakaombwa wavu wao, ukakokotwa mara tisa. Ulitoa mizizi na viatu vya kazi vya mtu. Polisi wakaandika kwamba ametorokea Kampala, kama mabinti wengine, wakafunga daftari.

Siku ya sita Buberwa alikuja peke yake. Alikuwa hajanyoa. Hakukaribishwa kuketi, alisimama mlangoni.

"Mama, mimba ilikuwa yangu. Tulikubaliana akuambie kabla ya ugeni, halafu nije mwenyewe kupiga magoti. Hakukuambia?"

Ephrasia akazitazama nyasi za sebuleni.

"Ulimwuliza ni ya nani?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake jibu halikumtoka. Kijana akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomkata zaidi, "Ningemwoa hata angekuwa na mimba ya mwingine." Akaenda zake Kamachumu. Hakurudi tena Bukoba, wala hatukusikia kwamba alioa.

Ephrasia aliziokota nyasi zile unyasi mmoja mmoja. Alifagia hadi pembe za vyumba. Akazibeba kichwani mchana, watu wakimtazama, akazitandaza ng'ambo ya bwawa kwa mikono yake, akapiga magoti kwenye tope.

"Kitanda chenu hiki," alinong'ona. "Nirudishieni wangu."

Ndege wote wakanyamaza kwa pamoja. Kisha wakaendelea.

Aliungama yote. Nyasi, ulimi, usiku ule, na blanketi. Padri alimpa kitubio cha miezi mitatu, akakitimiza kwa machozi, akapokea Komunyo. Watu wakasema Mungu ni mwenye huruma. Mabenchi yakahamishiwa karibu na barabara, na baada ya misa ya pili watu wakazoea kurudi nyumbani moja kwa moja.

Ikaja Februari. Yeyote aliyejua kuhesabu miezi angeijua Februari ile.

Wakati wa mahubiri, mwanamke aliyeketi karibu na Ephrasia alimgusa kiwiko, akamwonyesha kwa macho. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili. Akajifunika kanga, akatoka.

Kule hospitali, sista alimkamua kidogo kwa vidole akayatazama yaliyotoka. "Mama, una mtoto mchanga nyumbani?"

"Nina miaka arobaini na minane, sista."

"Sikukuuliza miaka. Haya ni maziwa ya mzazi." Akampa vidonge vya kuyakausha.

Vidonge havikufanya kitu. Kila jioni kifua kilijaa hadi kikauma, kikawa kigumu kama jiwe. Na kila asubuhi kilikuwa tupu. Kimelegea, kikavu, chuchu zimepauka na kulainika kama zilizokaa majini. Shuka halikuwa na tone.

Hili Ephrasia hajaliungama. Aliwahi kumwambia jirani mmoja tu, mama yangu mzazi, na alimwambia kwa kunong'ona. Kuungama kunataka mtu akusudie kuacha, alisema, na yeye hakusudii. Jioni anaoga. Analala ubavu, upande wa ukutani, ili kubaki nafasi. Vifungo vya blauzi anaviacha wazi.

Hasikii kitu. Hajawahi kuona kitu.

Lakini asubuhi ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, miezi sita baada ya ile Februari, alipokuwa akijipaka mafuta kwenda misani, alihisi mwasho. Akasogea dirishani penye mwanga. Chini ya chuchu ya kushoto palikuwa na alama mbili nyekundu, ndogo, zimekaa pamoja, za meno ya chini yanayoanza kuota.