Picha ya Efrazia Iliyokataa Kukauka

Picha ilikataa kukauka. Mhina aliianika dirishani Jumatatu, jua la Januari likiichoma Korogwe bila huruma, na Jumatano alipoigusa kidole kilirudi na rangi ya buluu, mbichi kana kwamba ameipaka dakika ile.

Alicheka tu. Kazini Mhina alikuwa msanifu wa majengo, mtu wa rula na penseli kali. Zahanati iliyokuwa ikijengwa Handeni mwaka ule wa 1950 ilitoka mkononi mwake, ingawa sahihi chini ya ramani ilikuwa ya Mzungu wake. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye rangi za maji. Akirudi nyumbani Kilole hakuvua hata viatu, alishika brashi mpaka ugali ukapoa. Mkewe Grasiana alimtania kwamba ameoa mke wa pili, naye ni kisanduku cha rangi.

Maji ya picha hiyo aliyatoa Handeni. Nyuma ya kiwanja cha zahanati kulikuwa na chemchemi ambayo wenyeji walichota kwa kibuyu tu, tena pekupeku, baada ya kupiga hodi. Mhina aliujua vizuri mwiko huo, mama yake mwenyewe alikuwa Mzigua wa hukohuko. Ila siku ile alikuta maji yametulia na mwanga umekaa unavyotakiwa, hamu ikamzidi. Alichovya brashi humohumo, akasuuza rangi humohumo, kisha akajaza chupa ya kwenda nayo nyumbani. Kwa maji hayo alimchora binti yake Efrazia, mwenye miaka sita, ameketi kwenye ngazi. Hakuwahi kuchora picha nzuri kama ile, na alijua hivyo.

Alhamisi Efrazia aliomba maji mara tisa. Ijumaa midomo yake ilipasuka. Alianguka mlangoni, akachubuka goti, akalia kwa sauti yake yote, lakini uso ulibaki mkavu.

"Baba Efrazia," Grasiana alinong'ona, "mtoto analia bila machozi."

"Homa hiyo."

"Homa gani? Hebu mguse. Hana hata jasho."

Daktari alitoa vidonge, havikufua dafu.

Jumamosi saa nane mchana, Mhina akiwa peke yake chumbani na mtoto, alisikia maji yakidondoka. Ti. Ti. Hakukuwa na wingu wala mtungi unaovuja. Harufu ya tope la chini kabisa, tope lisiloona jua, ilijaa chumba, na alipogeuza macho dirishani aliona karatasi ikitoa matone, moja baada ya jingine, na kila tone lilipoanguka mtoto kitandani alimeza mate asiyokuwa nayo, ngozi ya mashavu ikazidi kujivuta juu ya mifupa, huku yule msichana wa kwenye karatasi aking'aa, amenona, shingoni ana jasho ambalo hakuna aliyelichora, mpaka Mhina akaelewa kwamba kuna kitu kinamnywa mwanawe kupitia kazi ya mikono yake. Alipiga ukelele wa kumwita mkewe.

Walidandia lori la Handeni, mtoto mgongoni kwa mama yake, picha mkononi kwa baba. Bibi Mwaija, mganga na mtunzaji wa chemchemi ile, aliitikia shikamoo yao akiwa tayari amesimama.

"Umemtia jini wa chemchemi rangi mdomoni," alimwambia Mhina kwa sauti ya chini, "naye ameipenda. Kaioshe picha kwa mkono wako mpaka iwe nyeupe. Atapokea mara moja tu, kisha atahama. Chochote utakachobakiza ni chake."

"Hata kikiwa kidogo, bibi?"

Bibi Mwaija alimtazama. "Mbona unauliza?"

Mhina alivua viatu. Alipiga hodi, na kitu chini ya maji kikaitika kwa kuvuta pumzi. Aliizamisha karatasi. Ngazi iliyeyuka, likafuata gauni, ikafuata mikono midogo, midomo. Likabaki jicho la kulia, na ndani yake ule mwanga alioutafuta miaka kumi, kitone cha weupe alichokiacha kwa bahati tu na ambacho asingeweza kukirudia tena maishani, na Mhina, Mungu amsamehe, alikitaka. Vidole baridi vilikuwa vinavuta karatasi kutoka chini, naye akavuta upande wake, akachana kipande chenye jicho, akakitumbukiza ndani ya shati na kuiachia iliyobaki. Maji yakazama ardhini mbele ya macho yake, likabaki shimo lenye tope.

"Imekuwa nyeupe?" Bibi Mwaija aliuliza Mhina aliporudi.

"Nyeupe kabisa," alijibu.

Efrazia alikuwa mapajani mwa mama yake, amekunywa kibuyu kizima, jasho limemtoka puani. Kisha akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyechoka, na Grasiana akawa analia na kucheka pamoja huku akimpangusa mashavu. Ghafla mkono wake ukasimama.

"Baba Efrazia, njoo uone. Jicho la kushoto linatoa machozi. Hili la kulia mbona kavu?"

Mtoto aliacha kulia. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Baba," alisema, "kwa jicho hili naona shati lako kwa ndani."