Kidonda cha Bibi Anjelik

Kila Agosti, umande ukiwa bado majanini, Noela na bibi yake waliinama kwenye uwanda wa buluberi, vitunda vya buluu vya mwituni, huko Maine, Marekani. Bibi Anjelik alisukuma reki yake yenye meno kama ya kitana, akaiinua, akamimina buluberi ndooni. Mwaka huo Noela alifuata kimya. Tangu mama yake azikwe, hakulia wala hakucheka. Alikula, akalala, akafanya kazi, basi.

"We bubu, buluberi hazichumwi kwa macho!" Bibi alimtania. "Kula! Hii ndiyo dawa ya wazee wetu. Inasafisha damu."

Bibi alikuwa na kisukari. Mavuno yalipoanza, aliacha vidonge vyake. "Dawa yangu iko shambani," alimwambia Noela. "Na usinichongee kwa Lorna." Lorna, mtoto wa kaka yake Bibi, alikuwa muuguzi wa kambi ya wachumaji. Noela aliitikia kwa kichwa tu.

Jioni moja Bibi alivua buti. Soksi ilikuwa imelowa damu. Kijiti kikavu cha kichaka kilichochomwa moto ili kichipue upya kilikuwa kimepenya soli na kumchoma wayo, naye ametembea nacho kutwa.

"Bibi, hukusikia maumivu?"

"Maumivu gani?" Bibi aliutazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Uzee huo. Lete kitambaa, na ufunge mdomo."

Noela alimfunga. Vidole vilikuwa baridi. Mama yake naye, alipougua, alikuwa akisema si kitu, si kitu. Noela akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Lorna, akamwambia yote.

"Mchongezi mkubwa wewe!" Bibi alifoka kidonda kikisafishwa.

"Mshukuru, Shangazi," Lorna alisema. "Ganzi hii imeletwa na kisukari. Ungechelewa, labda mguu ungekatwa."

"Kwa hiyo buluberi ni uongo?"

"Si uongo. Ni chakula kizuri, na huenda zinasaidia moyo na mishipa ya damu. Endelea kuzila, ila usizimwagie sukari. Lakini chakula hakishiki nafasi ya dawa. Nawe Noela, siri inayomdhuru mtu haifichwi, hata akuombe nani."

Bibi alinuna, akameza kidonge. Kisha akanyoosha mkono. "Njoo hapa, mchongezi wangu."

Noela akaweka kichwa mapajani pake, na machozi yakaanza kumtoka, mengi, bila sauti.

"Sasa analia nini huyu?" Bibi aliuliza, amefadhaika.

"Mwache, Shangazi," Lorna alisema. "Panapouma ndipo penye uhai."