Pigo la Mwalimu Faki

Mezahai, meza ya mchezo, iliwashwa, na wapiganaji wawili wa mwanga, kila mmoja urefu wa kidole, wakachomoza juu ya kioo. Raya akarusha dadu. Mwenye upanga akavamia. Mwenye bakora akateleza pembeni, akamchapa kiwiko, upanga ukaanguka. Meza ilikuwa imepiga hesabu ya uzito wa kila silaha, urefu wake na kasi ya mkono ulioishika, ndipo ikaamua nani kashinda.

"Sasa hiyo ndiyo bakora," alisema Mbarouk, mwenzake wa tangu chuoni, aliyekuwa akitunga naye kanuni za mchezo huo.

Miezi minane bakora ilikuwa haifui dafu mbele ya upanga. Mwishowe Raya alifunga safari hadi kwa Mwalimu Hamad Faki, bingwa wa kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa harusini. Mzee alikubali kuvaa fulana-hisi, nguo inayonakili mwendo wa kila msuli, akaonyesha pigo la ukoo wao ambalo hata baadhi ya wanawe hakuwafundisha. Sharti lake lilikuwa moja tu: aliyeshusha fimbo hapigwi. Raya aliiandika kanuni hiyo mwenyewe.

Mbarouk alinung'unika. "Inaharibu uwiano. Mtu akielemewa anashusha, anapumua, anaanza upya."

"Akishusha kapoteza raundi. Uwiano gani tena unautaka?" Mbarouk akacheka, yakaisha.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Mwalimu alipita bandarini na mkongojo wake. Askari-bati, mashine ya ulinzi iliyowekwa langoni mwezi huo, ikamwamuru asimame. Akasimama, akashusha mkongojo, ncha chini, kama adabu ya kirumbizi inavyotaka. Ikamchapa kwa rungu lake, kiwiko kikavunjika.

Raya alitazama picha za kamera mara moja tu. Ule mzunguko wa bega la mashine aliujua. Alikuwa ameupima wiki nzima. Akaenda moja kwa moja kwa Mbarouk.

"Umewapa watu wa bandari lile pigo?"

"Nimewapa vipimo. Walitaka namna ya kupiga bila kuua."

"Na kanuni?"

"Kwenye mchezo ipo, sijaigusa." Mbarouk hakumtazama usoni. "Wao hawakuitaka. Walisema askari akingoja mtu ashushe fimbo, watu watamchezea."

Raya alijiona ameuzwa mchana kweupe, na muuzaji ni mtu aliyekula naye sahani moja miaka kumi na miwili. Aliondoka bila kuaga, machozi yakimtoka, mpaka hospitali.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mzee hakuitikia. Raya akakaa kando ya kitanda, akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na jina la Mbarouk akalitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Huyo Mbarouk mimi simjui," mzee alisema taratibu. "Pigo nilikupa wewe."

Mzee akamwomba muuguzi amwite mwanawe aje amlishe uji.